Vitu Vilivyolaliana Kwenye Slaidi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wateja wa steshenari yetu hapa Moshi mjini, na wa yeyote anayetengeneza slaidi zenye mwendo: mwanafunzi wa chuo anayekwenda kutetea utafiti wake, mwongoza watalii anayewaeleza wageni njia usiku wa kuamkia safari, katibu wa kamati ya harusi aliyerushiwa picha zote za familia saa kumi jioni. Maswali ni yale yale yanayoletwa mezani kila wiki.

Mfano wetu mkubwa ni slaidi ya njia ya Marangu. Nyuma kabisa ipo picha ya Kilimanjaro. Juu yake kuna mstari wa njia, alama za vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, majina na mita zake, wingu jeupe, na nukta nyekundu inayopanda kutoka getini mpaka kilele cha Uhuru. Vyote hivyo vimebanana upande mmoja wa slaidi. Tunazungumzia PowerPoint ya Windows kwa sababu ndiyo iliyoko kwenye mashine nyingi mjini. Watumiaji wa Impress na Google Slides wana swali lao huko chini. Majina ya vitufe tumeyaandika kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Nabofya nukta, kinashikwa kitu kingine. Kompyuta ina virusi?

Haina. Kila kitu unachoweka kwenye slaidi kinakaa kwenye tabaka lake, na kilichowekwa mwisho hukaa juu ya vingine. Ukibofya, programu inashika kitu cha juu kabisa kilichopo chini ya mshale wa mausi, hata kama jicho lako linatazama cha chini. Ni kama rundo la mitumba sokoni Kiboriloni: mkono unagusa ya juu kwanza.

Kinachowachanganya watu zaidi ni vitu ambavyo havionekani vizuri. Picha ya wingu iliyoondolewa mandharinyuma bado ina fremu ya mstatili, na fremu hiyo ni kubwa kuliko wingu lenyewe. Unabofya mahali unapoona mlima mtupu, kumbe umebofya kona ya wingu. Kisanduku cha maandishi nacho hivyo hivyo: neno «Horombo» ni fupi, lakini kisanduku chake huenda umekiburuta mpaka nusu ya slaidi.

Maumbo yana tabia yake. Umbo lililowekewa No Fill halishikiki ukibofya katikati. Ni lazima ubofye mstari wake wa pembeni. Umbo lililopakwa rangi halafu rangi ikafanywa angavu kwa asilimia 100 linaonekana vile vile, tupu, lakini hilo linashikika kila mahali na linaziba vyote vilivyo chini yake. Kama umerithi slaidi za mtu na kuna sehemu ya skrini ambayo kila ukibofya inashikwa hewa, mara nyingi sababu ni umbo la aina hii.

Nifikieje kitu cha chini bila kuvuruga vya juu?

Njia mbili, na tunazipenda kwa viwango tofauti.

Ya kwanza ni kitufe cha Tab. Bofya kitu chochote kwenye slaidi, kisha gonga Tab: uchaguzi unahama kutoka kitu kimoja kwenda kingine. Shift na Tab pamoja hurudi nyuma. Kama mshale wa kuandikia unamulika ndani ya kisanduku cha maandishi, Tab itaongeza nafasi tu kwenye maandishi; gonga Esc kwanza ili kisanduku chenyewe kishikwe, ndipo uendelee. Kwa slaidi yenye vitu vitano, Tab inatosha. Kwa slaidi ya Marangu utagonga mpaka kidole kichoke, na ukipitiliza kidogo unaanza upya.

Ya pili ndiyo tunayomfundisha kila anayekuja, hata kama amekuja kuprinti tu: Selection Pane. Bonyeza Alt na F10 pamoja. Kwenye laptopu nyingine unatakiwa kushikilia na kitufe cha Fn. Au nenda Home, kisha Arrange, kisha Selection Pane. Upande wa kulia inafunguka orodha ya vitu vyote vya slaidi hiyo. Kilicho juu kwenye orodha ndicho kilicho mbele kwenye slaidi, na picha ya mlima, ikiwa imewekwa nyuma, utaikuta mwisho kabisa. Bofya jina, kitu kinashikwa, hata kama kimefunikwa na vitu saba. Shikilia Ctrl ubofye majina mengine, utakuwa umevishika kwa pamoja.

Ukiizoea orodha hii, utaacha kuwinda kwa mausi. Nusu ya wanaotuambia «animesheni zangu zimegoma» hawana shida ya animesheni. Wamekiwekea mwendo kiti badala ya aliyekikalia, kwa kuwa walibofya wakashika kitu kisicho sahihi.

Orodha inaniambia «Rectangle 47», «Picture 12», «TextBox 31». Nitajuaje ipi ni ipi?

Vipe majina. Bofya jina mara moja kulichagua, bofya tena, andika jipya, gonga Enter. Hapa ndipo watu wanapotuona tunawasumbua, maana wanataka kazi iishe. Lakini chukua slaidi yetu: mstari uitwe «njia», alama ziitwe «alama Mandara», «alama Horombo», «alama Kibo», maandishi «jina Mandara» na kuendelea, nukta iitwe «nukta». Ni kazi ya dakika chache.

Faida yake utaiona ukifungua Animation Pane, yaani orodha ya animesheni zote za slaidi, kwa sababu majina hayo hayo ndiyo yanayotokea huko. Badala ya mistari kumi inayosema Oval 23, Oval 24, Oval 25, unasoma nukta, alama Mandara, jina Mandara, na unajua mara moja kwamba jina limetangulia kabla nukta haijafika. Asiyevipa vitu majina hukaa akibofya mstari mmoja mmoja na kuangalia ni kipi kimewaka kwenye slaidi.

Anza jina na aina ya kitu (alama, jina, picha) ndipo mahali pafuate. Usiandike «mpya», «mpya2», «ya mwisho kabisa». Tumezipokea hizo, na mwenyewe hakuweza kutuambia ipi ni ipi.

Jicho lililo pembeni ya jina ni la nini?

Kuficha. Libofye, kitu kinatoweka kwenye slaidi lakini hakifutwi. Libofye tena, kinarudi mahali pake. Ficha wingu, fanya kazi zako kwenye alama ya Kibo, kisha lirudishe wingu. Juu ya orodha kuna Show All na Hide All.

Tahadhari moja: kilichofichwa hapa kinafichika na wakati wa kuonyesha. Kabla ya kufunga faili, bofya Show All. Kama kuna kitu ulikificha makusudi ili kije baadaye wakati wa onyesho, jicho siyo njia yake. Kiwekee animesheni ya kuingia, Appear au nyingine, na ukiache wazi kwenye orodha.

Nimekichagua kwenye orodha, lakini nikikiburuta kwa mausi kinakuja cha juu!

Ni kweli, na ni kero. Kuchagua kwenye orodha hakukileti kitu juu. Bado kimefunikwa, na ukibofya juu yake unaanza uchaguzi upya. Baada ya kukichagua, toa mkono kwenye mausi utumie vitufe vya mishale vya kibodi. Kitasogea chini kwa chini huku vya juu vimetulia. Kama safari ni ndefu, ficha kwa jicho kile kinachofunika, buruta, kisha kifunue.

Anayetaka uhakika wa milimita abofye kitu kulia, achague Size and Position, aandike namba za Horizontal na Vertical. Njia hii inafaa sana kama kitu hicho hicho kinatakiwa kukaa mahali pale pale kwenye slaidi kadhaa, mathalani nembo ya kampuni. Macho hudanganya, namba mbili zikifanana, nembo haitaruka slaidi zinapobadilishana.

Kitu kinaruka ruka, hakitulii ninapotaka.

Kuna gridi isiyoonekana inayokivuta. Ukiwa unaburuta, shikilia Alt na mvuto huo utaachia. Ukitumia mishale ya kibodi, ongeza Ctrl ili hatua ziwe ndogo zaidi. Shift wakati wa kuburuta inakifanya kitu kiende mstari ulionyooka, mlalo au wima, kisipinde. Ctrl wakati wa kuburuta inatoa nakala, na wengi wanaishia na nukta nne zilizolaliana wakidhani ni moja. Selection Pane itakuonyesha zote.

Vibanda vitatu vipangwe vizuri, kimoja juu ya kingine, bila kukadiria?

Vichague vyote kwa Ctrl kwenye orodha, nenda Arrange, kisha Align. Align Center inavipanga kwenye mstari mmoja wa wima. Distribute Vertically inagawa nafasi kati yao sawasawa: cha juu na cha chini vinabaki, cha katikati ndicho kinasogea.

Kwa bahati nzuri Marangu inafaa kabisa kwa hili. Kwa vipimo vinavyotumika sana, Mandara iko mita 2,720, Horombo 3,720 na Kibo 4,720. Tofauti ni mita 1,000 kila hatua, kwa hiyo kwenye mchoro wa kimo alama hizo tatu zinatakiwa kuachana sawa, na Distribute inakupa ukweli wenyewe. Lakini usiichague alama ya Uhuru pamoja nazo. Kilele kiko mita 5,895, yaani mita 1,175 juu ya Kibo, na ukikiingiza kwenye mgawanyo huo mchoro wako utakuwa mzuri na wa uongo. Mgeni mwenye saa ya kupima mwinuko atakuuliza.

Angalia pia kama kwenye menyu hiyo umeweka tiki Align to Slide au Align Selected Objects. Ikiwa ni ya kwanza, vitu vinapangwa kwa kufuata kingo za slaidi, na vibanda vyako vitakimbilia juu na chini ya ukurasa.

Nikipeleke kitu mbele au nyuma vipi?

Buruta jina lake kwenye Selection Pane, juu au chini. Basi. Wanaopenda kibodi: Ctrl na ] hukisogeza mbele tabaka moja, Ctrl na [ hukirudisha nyuma moja, ukiongeza Shift kinakwenda mbele kabisa au nyuma kabisa. Picha ya mlima ipeleke nyuma kabisa mapema, ikae huko.

Niliunganisha vitu kwa Group, animesheni zote zikapotea. Zimekwenda wapi?

Zimefutwa, na hili ni swali linalotuletea watu wenye hasira, hasa saa moja kabla ya kuwasilisha.

Ukichagua vitu kadhaa ukabonyeza Ctrl na G, PowerPoint inavigeuza kuwa kitu kimoja. Kitu kimoja kina animesheni zake kama kitu kimoja. Mwendo ambao kila kiungo kilikuwa nao unaondoka, kwa sababu ndani ya kundi hakuna mjumbe anayeweza kuingia au kutembea peke yake. Upande wa pili ni hivyo hivyo: kundi lenye animesheni ukilivunja kwa Ctrl, Shift na G, animesheni ya kundi inapotea, na wajumbe wanabaki wametulia.

Ukigundua hapo hapo, Ctrl na Z inarudisha kila kitu. Kumbuka tu kwamba PowerPoint isipobadilishwa mipangilio inakumbuka hatua 20 za kurudi nyuma, kwa hiyo ukiunganisha halafu ukaendelea kusogeza sogeza kwa nusu saa, umechelewa.

Kuna na athari nyingine isiyosemwa sana. Wajumbe wa kundi hukaa kwenye matabaka yanayofuatana. Kama «njia» ilikuwa chini ya wingu na «alama Kibo» juu ya wingu, ukiziunganisha haziwezi tena kuwa na wingu katikati; zote zinakusanyika sehemu moja ya orodha, na wingu linajikuta chini yao.

Tunashauri hivi: kinachotembea pamoja siku zote, kama alama na jina lake, kiunganishe mwanzoni kabla ya animesheni. Kitakachoingia kwa zamu, usikiunganishe kabisa. Unataka kuvisogeza pamoja mara moja tu? Vichague kwa Ctrl na uviburute, huhitaji kundi. Na ukitaka kumgusa mjumbe mmoja ndani ya kundi, kwa kubadilisha rangi au kumsogeza, bofya kundi mara moja, kisha mbofye yeye. Kwenye Selection Pane wajumbe wanaonekana chini ya jina la kundi, hivyo hata aliyefunikwa anafikika.

Nimesogeza nukta, mstari wa mwendo nao umehama. Au: nimesogeza nukta, mstari umebaki. Ipi ni sahihi?

Zote mbili, inategemea mpangilio. Njia ya mwendo, yaani mstari ambao kitu kinaufuata kikitembea, ikiwa Unlocked, hufuata kitu kinapohamishwa. Ikiwa Locked, hubaki pale ilipochorwa. Utaipata ukiichagua animesheni yenyewe, tabo ya Animations, Effect Options.

Kwa nukta ya Marangu tunaifunga Locked mara tu njia inapokaa vizuri juu ya mlima, kwa sababu njia hiyo ni ya mlima, siyo ya nukta. Kwa kitu kama gari la utalii linalopita chini ya slaidi, iache Unlocked, uweze kulihamisha na safari yake.

Mengine ya kujua hapa. Ncha ya kijani ni mwanzo, nyekundu ni mwisho. Njia inahesabiwa kutoka katikati ya kitu, siyo kutoka kwenye ncha yake. Ndiyo maana mshale mrefu «unapitiliza» kilele wakati nukta ndogo inafika sawasawa. Ukiichagua njia, toleo la 2013 na yaliyofuata yanaonyesha kivuli cha kitu pale kitakapoishia, na hicho kivuli ndicho cha kutazama wakati unaburuta ncha nyekundu. Kupinda njia ifuate mteremko, bofya kulia juu ya mstari, chagua Edit Points.

Njia nayo ni kitu cha kulaliana na vingine! Slaidi yenye njia tano inakuwa utando, unabofya alama unashika mstari. Ukitaka kufanya kazi bila mistari hiyo, funga Animation Pane na urudi tabo ya Home. Itatoweka machoni bila kufutwa. Na kabla ya kubonyeza Delete hakikisha ni nini umeshika: ukiwa umeshika njia, unafuta mwendo tu, ukiwa umeshika nukta, unafuta nukta na mwendo wake wote.

Wingu lipite mbele ya kilele cha Kibo lakini nyuma ya kilele cha Mawenzi. Inawezekana?

Inawezekana, kwa kukata picha. PowerPoint haibadilishi matabaka wakati onyesho linaendelea: aliye mbele yuko mbele mwanzo hadi mwisho, hata atembee wapi. Kwenye picha moja Kibo na Mawenzi wako tabaka moja, kwa hiyo wingu litawapita wote mbele au wote nyuma.

Toa nakala ya picha ya mlima kwa Ctrl na D. Kwenye nakala hiyo tumia Crop au Remove Background ubakize Mawenzi peke yake, kisha uilaze juu ya ile ya asili mpaka zilingane. Hapa namba za Size and Position na mishale yenye Ctrl zinaokoa muda. Panga orodha hivi kutoka juu: «Mawenzi kipande», «wingu», «mlima». Wingu likitembea kutoka kushoto litapita juu ya Kibo, likifika Mawenzi litaingia nyuma. Ukitazamwa kutoka ukumbini, hakuna atakayejua kuna vipande viwili.

Na mwezi unaozunguka dunia? Kwanza upite mbele, halafu nyuma.

Hili huletwa na walimu wa sayansi, na linahitaji miezi miwili. Matabaka kutoka juu: «mwezi mbele», «dunia», «mwezi nyuma».

Mpe «mwezi mbele» njia ya nusu duara ya chini, kutoka kushoto mpaka kulia. Akimaliza, awekewe Disappear yenye After Previous (ianze iliyotangulia ikiisha). «Mwezi nyuma», aliyekaa pale kulia ambako mwenzake ameishia, awekewe Appear yenye With Previous (ianze pamoja na iliyotangulia), halafu njia ya nusu duara ya juu inayomrudisha kushoto kupitia nyuma ya dunia.

Ukijaribu, utaona mwezi unasita pembeni kana kwamba umechoka. Sababu ni Smooth Start na Smooth End ndani ya Effect Options: kila njia inaanza polepole na kumalizia polepole. Zishushe zote mbili mpaka sifuri kwenye njia zote mbili, na muda wa safari uwe sawa. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wataona mwezi mmoja tu.

Picha ishirini za harusi zimerundikana slaidi moja, kila moja inakuja juu ya nyingine. Nirekebishe vipi ya tatu?

Kwa Selection Pane: Hide All, kisha fungua jicho la ya tatu peke yake. Lakini ushauri wetu ni kwamba usingerundika. Picha ishirini kwenye slaidi moja hazina faida ambayo slaidi ishirini zenye mpito wa Fade hazina, na siku mama mkwe akisema picha fulani iondolewe, kwenye slaidi zilizotengana unafuta moja unaendelea na chai.

Ukiwa na sababu ya kuzirundika, hakikisha ukubwa ni mmoja, la sivyo picha ya wima itaacha ile ya mlalo iliyo chini yake ikichungulia pembeni. Au fungua Effect Options za kila picha na pale After animation uchague Hide on Next Mouse Click, iondoke yenyewe mwenzake anapokuja.

Nikibadilisha mpangilio kwenye Animation Pane, mbona kitu hakiji mbele?

Orodha mbili, kazi mbili. Animation Pane ni zamu: nani anaanza, nani anafuata. Selection Pane ni tabaka: nani yuko juu ya nani. Kitu kinaweza kuingia mwisho kabisa na bado kikaingia nyuma ya vingine, kisionekane, na wewe ukabaki unabofya mbele ya wageni.

Nembo iliyo nyuma haishikiki kabisa, hata kwenye orodha haipo.

Iko kwenye Slide Master, slaidi mama inayobeba vitu vinavyojirudia kwenye slaidi zote. Nenda View, Slide Master, irekebishe huko, kisha Close Master View. Na kama kitu kipo kwenye orodha lakini hakisogei, angalia alama ya kufuli pembeni ya jina; Microsoft 365 inaruhusu kufunga vitu, na aliyetengeneza slaidi huenda aliifunga picha ya nyuma makusudi. Aliwaza vizuri.

Morph inaweza kunipunguzia kazi hii?

Mara nyingi, ndiyo, ukiwa na PowerPoint 2019 au mpya zaidi. Unatengeneza slaidi yenye nukta Mandara, unaitoa nakala, kwenye nakala unaisogeza nukta mpaka Horombo, unaweka mpito wa Morph. Programu inajaza safari yenyewe, bila njia za kuchora. Kasoro yake ni kwamba inakwenda moja kwa moja, haifuati kona za mlima. Gawanya safari kwenye slaidi zaidi kama unataka ipinde.

Ukiwa na nukta mbili zinazofanana, Morph inaweza kuzichanganya. Zipe majina yanayoanza na alama mbili za mshangao, kama !!nukta mgeni na !!nukta mpagazi, yafanane kwenye slaidi zote mbili, na kila moja itafuata ya kwake. Tena majina!

Natumia LibreOffice Impress au Google Slides.

Impress: Tab inafanya kazi ile ile, na Alt pamoja na kubofya inashika kitu kilicho nyuma ya ulichokichagua. Kwenye baadhi ya mashine za Linux, Alt na kubofya inaburuta dirisha zima, basi rudi kwenye Tab. Ili kuvipa vitu majina, bofya kulia, Name, kisha uvione kwenye Navigator.

Google Slides: Tab ipo, na Ctrl pamoja na mshale wa juu au wa chini hukisogeza kitu mbele au nyuma. Njia za kuchora kama ile ya nukta yetu hazipo huko, hivyo usitegemee slaidi ya Marangu itapanda mlima ukiipakia. Kwa simu, fanya marekebisho ya maandishi tu; vitu vilivyolaliana vinahitaji mausi na kibodi.

Naomba mniprintie slaidi hizo. Zitatoka kama nilivyoona kwenye skrini?

Hapana. Karatasi haina animesheni, na PDF pia. Kila kilichomo kwenye slaidi kinatoka kwa wakati mmoja: picha ishirini za harusi zitatoka kama picha moja ya juu, miezi yote miwili itaonekana, na wingu litabaki limeziba pale lilipoanzia. Kabla ya kuleta flashi, toa nakala ya faili, na kwa kila slaidi yenye vitu vilivyolaliana tengeneza nakala mbili au tatu za slaidi hiyo, ukificha kwa jicho visivyohitajika kwenye kila moja. Faili hilo la kuprinti lipe jina tofauti na la kuonyesha, maana ukifika ukumbini na lile lenye vitu vilivyofichwa, nukta yako haitapanda popote.